Upasuaji wa kupunguza uzito: roboti au kamera?

Swali: Shikamoo daktari. Nina unene uliopindukia pamoja na kisukari. Ndugu yangu ananihimiza nifanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni kwa roboti, si kwa kamera. Je, roboti ni bora? Msomaji, Ujiji, Kigoma.

Jibu: Marahaba. Njia zote mbili hupitia matundu madogo. Kwa kamera, daktari hushika vifaa kwa mikono yake akitazama ndani ya tumbo kwenye skrini; nayo roboti haijiendeshi, kwani daktari aliyeketi kando ndiye anayeiongoza. Uzito unaopungua hautofautiani sana, ilhali roboti kwa kawaida huchukua muda na gharama zaidi. Huenda ikafaa zaidi kwa anayerudia upasuaji. Ninakusihi utafute kwanza daktari mzoefu, umweleze dawa zako zote, maana dozi za kisukari hubadilika upesi baada ya upasuaji, na vitamini utazitumia maisha yako yote.