Mdogo wangu aliacha dawa Ramadhani, sasa Idd imemkuta chumbani

SWALI: Asalaamu alaykum Daktari. Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, mwezi wa Rajab aliambiwa ana sonona, akaandikiwa fluoksetini, kidonge kimoja kwa siku. Ramadhani ilipoandama alikuwa anacheka kama zamani, akaacha. Anayetusomea alisema vyema, kwani dawa za spitali "zinamfunga jini ndani". Kumi la mwisho akawa halali, daku hagusi. Leo Idd pili, hajatoka chumbani hata kupeana mkono, na wageni wanauliza. Vidonge 18 vimebaki. Tumrudishie? Au tumpeleke Tibirinzi, kwenye uwanja wa sikukuu, akabadilishe mawazo?
Dada wa mgonjwa, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Tibirinzi waachieni watoto. Kumburura mtu wa sonona kwenye bembea na kelele za sikukuu ni kama kumpandisha mkarafuu aliyevunjika mguu.

Vidonge vilivyobaki msimrudishie wenyewe. Si sumu, lakini amekaa mwezi mzima bila dawa, na aliyemwandikia lazima amtazame upya. Kuna jambo ambalo jamaa hawalisemi mpaka waulizwe: amewahi kupata siku kadhaa asilale wala asichoke, maneno mengi, pesa anatapanya, anajiona hana mfano wake? Ikiwa ndiyo, dawa ya sonona peke yake yaweza kumtoa kwenye huzuni ikamrusha kwenye wazimu, na tiba yake ni nyingine.

Kabla ya hapo, leo hii, kaa naye faragha umuulize: "Unafikiria kufa? Unafikiria kujiua?" Kwa maneno hayo hayo, bila kuzunguka. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Wengi hupumua kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Akisema ndiyo, msingoje sikukuu iishe. Mpelekeni spitali usiku huo huo, asiachwe peke yake, na dawa zote na sumu za shamba zitoke nyumbani.

Sasa hili linalonichosha kila mfungo mosi: "Aliacha na hakikutokea kitu." Fluoksetini si panadoli. Mtu akiimeza wiki kadhaa, baada ya kidonge cha mwisho hubaki mwilini mpaka kama wiki 5, ikipungua kidogo kidogo. Mdogo wako alipofunga zile siku za mwanzo kwa furaha, hakuwa amepona. Alikuwa anakula akiba. Msomaji wenu akaikuta akiba ya watu, sifa akachukua yeye. Ilipokaribia kwisha, na usingizi nao umeshavurugika, ugonjwa ukarudi kwake. Tena dawa hii huchukua wiki 2 mpaka 4 hata nafuu ionekane, na mtu akishapata nafuu huendelea nayo miezi 6 na zaidi. Yeye tangu aanze hakufika hata miwili.

Wala saumu haikumkataza. Kidonge kimoja kwa siku kinamezwa daku, basi. Wapo ambao dawa zao zinagombana na kiu kweli, kama wanaotumia lithiamu, dawa ya wale wanaorushwa baina ya huzuni na wazimu: maji yakipungua mwilini, hupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu, mtu akaanza kutetemeka na kuhara. Hao waje tuzungumze tangu Shaaban. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184; sikuileta mimi.

Sina ugomvi na dua. Wagonjwa wangu wengi wanasomewa na mimi nawaambia wasiache. Ugomvi wangu ni na yule anayesema uache ya spitali ndipo yake ifanye kazi. Tangu lini Qur'ani ikashindwa na kidonge? Huyo analinda biashara yake, kwa sababu mgonjwa akipona huku anameza vidonge, hatojulikana nani wa kulipwa. Muulizeni atakuwapo siku mgonjwa anakataa kula. Siku hiyo simu yake huwa haipokelewi, mgonjwa analetwa kwetu.

Na analetwa vipi? Nimempokea kijana, Idd tatu, kanzu mpya, vifundo vya miguu vimechubuka kwa mnyororo wa huko alikopelekwa kisomoni. Mama yake aliona haya kumpeleka Kidongo Chekundu, spitali ya wagonjwa wa akili, watu watasema ana mtoto kichaa. Mnyororo hakuuonea haya. Nilikasirika, nakiri, nikajizuia, maana yule mama naye alikuwa hajalala wiki nzima.

Leo mpelekee chakula chumbani, kidogo, asilazimishwe. Akikubali mtu mmoja wa kukaa naye kimya, aingie. Usiku taa zizimwe mapema. Wageni wakiuliza, waambie anaumwa.