Maua tele, matunda hakuna: Bi Bustani ajibu

Mwezi huu meseji zimejaa na nyingi ukizisoma ni kilio kimoja, maua nayaona lakini tunda silioni. Wale mlioniuliza bei ya ndoo na mchanga mtanisamehe, hayo ulizeni sokoni Kongowea, nami huuliza hukohuko.

Assalam alaykum Bi Bustani. Mie niko Kisauni, nyuma ya nyumba nina kiwanja kidogo nimepanda maboga na mamumunye tangu masika yaanze, yametambaa mpaka yamepanda ukuta wa jirani na maua ni mengi ajabu, ila boga sijala hata moja. Vijiboga vyatoka, vikifika ukubwa wa kidole gumba vyageuka manjano vyadondoka. Jirani kila akipita lazima asimame aseme mashaallah maua haya, nami nshaanza kushuku ni jicho. Nimefukiza ubani, nimetia samadi gunia mbili, wapi. Nisaidie mamangu.
– Mama Maboga, Kisauni

Wa alaykum salaam mwanangu. Huyo jirani kama asema mashaallah basi mwache, wa kuchunga ni yule apitaye akatazama akanyamaza. Mambo ya jicho mie sina elimu nayo, ila kabla hujafukiza tena nataka kesho ukishaswali alfajiri usirudi kulala, toka nje uyatazame hayo maua kwa nyuma, pale ua linaposhikana na kikonyo. Utaona mengine yana kikonyo kirefu chembamba basi, hayo ni madume. Mengine chini yake pana kijiboga tayari, kimejaa hata ua halijafunguka, hayo ni majike. Madume hutangulia, waweza kukaa wiki nzima na zaidi waona maua na yote ni madume, na watu wengi hapo ndipo hung'oa mmea wakasema wameuziwa mbegu mbovu.

Sasa wewe majike unayo, vijiboga wavieleza mwenyewe. Kinachokosekana ni ule unga wa manjano wa dume kumfikia jike. Unga wa boga ni mzito tena wanata, upepo hauuwezi hata huu wetu wa kusi, lazima pawe na wa kuubeba, na mbebaji ni nyuki. Na nafasi yake ni ndogo sana: ua la boga hufunguka alfajiri, ikifika saa nne saa tano limejikunja, na halifunguki tena maisha. Nyuki asipopita asubuhi hiyo moja, mmea hauna haja na kile kijiboga, wakiangusha. Akipita kidogo tu boga hutoka lakini limepinda, upande umenenepa upande umesinyaa. Na Kisauni ya leo ni kuta, kabro na mabati, nyuki atoke wapi?

Kwa hivyo kwa sasa nyuki ni wewe. Saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, kata ua dume, livue petali zote kibaki kile kijiti cha katikati chenye unga, kipake polepole kwenye moyo wa ua jike huku wazungusha. Dume moja latosha majike mawili matatu. Mamumunye yale ya ua jeupe usiyaamkie, ratiba yao ni nyingine, wao hufungua jioni na wageni wao ni nondo. Boga ni baada ya alfajiri, mumunye ni magharibi, ukikumbuka hivyo hukosei. Usione haya kuonekana wahangaika na maua kwenye giza, vanila yote ya Bukini (Madagaska) na Ngazija huzalishwa kwa mkono namna hiyo hiyo, na aliyeivumbua njia hiyo ni kijana mtumwa wa miaka 12 hapo kisiwa cha Réunion mwaka 1841, Edmond Albius, kwa kijiti na kidole gumba chake. Wataalamu wa bustani za wazungu walikuwa washahangaika nayo miaka.

Na samadi simama kwanza. Ukizidisha, mmea wanenepa majani na maua dume, ndio huo mzigo uliopanda ukuta.

Ila hutaki kuamka alfajiri mwaka mzima, kwa hivyo waite wenye kazi yao. Panda alizeti pembeni, miezi miwili hivi ishafungua. Panda mbaazi mistari miwili kwenye ukuta, yachukua muda lakini ukiutunza mti wakaa miaka miwili mitatu, wale nyuki weusi wakubwa hawabanduki kwenye ua la mbaazi, nawe wapata mbaazi za nazi za kulia mahamri. Dania ukishakata majani kiasi chako iache nyingine ichanue, vile viua vyeupe vidogo hujaa nzi wa maua na nyuki wadogo. Halafu mrihani. Hapa sisi wenyewe ndio wakosa, mrihani ukitoa ua tu twaukata kwa sababu twataka majani ya kikuba, kile kishada cha kujipamba. Panda miwili, mmoja wa kikuba mwingine wa nyuki, huo wa pili usiuguse. Na upande kwa mafungu, mirihani mitano pamoja, alizeti kumi pamoja, maana nyuki akitoka kwenda kutafuta hushika ua la aina moja safari nzima, ukimpandia kimoja kimoja cha kila rangi kama duka la maua atapita tu.

Sasa Bi Bustani, natumai uko poa. Nina nyanya kwenye ndoo ishirini za rangi juu ya paa la nyumba Bamburi. Tangu Februari maua yanakauka yanaanguka, nikaenda agroveti nikauziwa dawa ya wadudu, napuliza kila asubuhi kabla ya kwenda job lakini bado. Niongeze kipimo?
– Kijana wa Paa

Usiongeze mwanangu, hata hiyo ndogo iweke chini.

Nyanya si kama boga. Ua lake lina dume na jike ndani kwa ndani, halihitaji unga wa kwa jirani, lahitaji kutikiswa tu ule unga udondoke, na upepo wa huko juu watosha. Nyuki wa asali hajui kulitikisa, wanaojua ni wale weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao za paa na mafundi huwazibia kwa simiti wakidhani wanaokoa nyumba. Wao hulikumbatia ua wakavuma, waweza kuusikia ule mlio ukabadilika. Ukitaka kuwasaidia gonga shina kwa kidole saa tatu nne asubuhi, basi. Biringani vilevile.

Lakini wewe tatizo lako si nyuki, ni Februari. Nyanya yataka usiku wa baridi kidogo, joto la usiku likipita nyuzi 21 hivi unga wake waanza kuharibika, nasi mwezi wa pili na wa tatu Mombasa usiku walala na feni na bado wageuza mto, joto halishuki hata 24, na juu ya paa ndoo zako zapikwa mchana kutwa. Hapo utie dawa ya aina gani? Sia mbegu katikati ya Aprili, maua yatakuja Juni na Julai wakati kusi imeshika na hewa imepoa. Kaskazi panda bamia na kunde, hizo joto ni lao. Hizo nyanya za sasa kama mashina bado yana uhai punguza matawi, zipe kivuli cha mchana, huenda zikafika.

Na hiyo dawa soma karatasi yake kabla hujanijibu. Ikiwa yasema imidacloprid, hiyo haibaki juu ya majani, yaingia ndani ya mmea ikafika mpaka kwenye unga na utamu wa ua, nyuki akila kimemfika. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulikataza isitumiwe kwenye mashamba ya wazi kwa sababu ya nyuki. Na kuipuliza asubuhi maua yako wazi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kama ni wale nzi weupe chini ya majani, tafuta kokwa za mkilifi (mwarobaini), miti si imejaa huko kwenu, nusu kilo ya kokwa kavu uponde, uloweke kwa maji lita kumi usiku kucha, uchuje, utie sabuni ya maji kidogo, upulize jua likishazama. Yanuka, na majirani watauliza.

Nina bogenvilia za rangi nne Nyali, zimechanua vizuri sana lakini sioni nyuki hata mmoja. Kwa nini?

Kwa sababu hizo rangi ni majani, dadangu. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe cha katikati, chembamba mno, vipepeo wenye ulimi mrefu hujaribu na wengine hawahangaiki. Waridi zile zilizojaa petali kama kabichi nazo ni hivyo hivyo, uzuri wa macho tu, ndani hakuna kitu cha kula. Usizing'oe, penye bogenvilia nne ongeza mrihani na zinia, zinia zile za petali safu moja.

Bi Bustani shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu Mji wa Kale, tuna roshani tu. Nataka kupanda mboga na maua lakini mke wangu asema nyuki hataki kuwaona, mdogo ana miaka minne. Halafu nimesoma mahali niweke sahani ya maji kwa ajili ya nyuki. Ni sawa?

Marahaba. Mwanzo mie niko upande wa mke wako kidogo. Kwani kwenye roshani mwapanda nini? Kama ni mchicha, sukuma wiki, mnavu, dania, hizo mwala majani, majani hayahitaji nyuki hata mmoja. Anzeni hapo kuwe na amani nyumbani. Mkitamani pilipili nayo hujimaliza yenyewe kwa upepo.

Ila mtoto aambiwe ukweli, nyuki aliye kwenye ua yuko kazini, hana habari nawe mpaka umkamate au umkanyage. Hatari ni mzinga, na mzinga hautoki kwenye ndoo tatu za maua. Na wale weusi wadogo mno kama nzi wanaoingia kwenye vitundu vya kuta za zamani, hao hawana mwiba kabisa, mwonyeshe awaangalie. Likija kundi likatua kwenye roshani limening'inia kama shada, fungeni madirisha, mara nyingi siku moja mbili laondoka lenyewe, msimwage maji ya moto jamani. Na yeyote akiumwa akavimba uso au pumzi ikambana, hospitali saa hiyo hiyo, si kusubiri.

Sahani ya maji weka lakini iwe ya kina kifupi, ijaze vijiwe wapate pa kusimama, na umwage kila siku mbili bila kukosa. Twajua wenyewe ile chikungunya iliyotushika mwisho wa 2017 kuingia 2018, mbu wake huzaa kwenye maji masafi ya nyumbani hayahaya, mikebe, vitako vya ndoo za maua. Kama mwajijua ni wasahaulifu msiweke kabisa.

Mpapai wangu wa Changamwe una miaka mitatu, maua marefu yananing'inia kama shanga, papai hakuna. Jirani asema niupigilie msumari utageuka jike. Kweli?

Huo ni dume. Msumari utaupa kidonda tu. Kama nafasi unayo uache, nondo huchukua unga wake usiku wakapeleka kwa mipapai ya mtaa mzima, majirani watakushukuru bila kujua. Kama nafasi huna ukate, na safari hii panda miche minne shimo moja, ikichanua ung'oe usiyoitaka, kwa sababu mche mdogo hakuna awezaye kukwambia ni dume au jike, hata anayeuza.

Bi Bustani, Likoni huku mvua imeleta jongoo kwenye bustani, wale wakubwa weusi wa miguu myekundu. Natia chumvi lakini hawaishi. Dawa yake ni nini?
– Bibi wa Likoni

Bibi shikamoo. Chumvi wacha kwanza, udongo wetu wa matumbawe na maji ya kisima tayari yana chumvi ya kutosha, mchicha wako ukiungua ncha utanirudia mimi.

Na hao jongoo sijui kama wawajua walivyo na sifa. Hapo Bamburi penye Haller Park palikuwa machimbo ya simiti, jiwe tupu, jua kali, hakuna udongo. Mwaka 1971 Rene Haller, bwana shamba wa kampuni hiyo ya simiti, akaanza kupanda miti, akajaribu aina 26 zikahimili tatu tu, mvinje ukawa ndio hodari. Lakini majani ya mvinje yakadondoka yakakaa hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Basi wakaletwa jongoo, hao hao wako wa miguu myekundu, wakayala majani yale na kinyesi chao ndicho kikawa udongo ambao leo watu walipa kiingilio kuja kuona msitu juu yake. Wewe wamekuja bure.

Wao chakula chao ni vilivyokufa. Kweli mche mchanga laini wakiwa wengi huutafuna, kwa hivyo miche yako izungushie mkebe uliokatwa kitako mpaka ishikane shina, na majani makavu na makumbi ya nazi yarundike mbali kidogo kule pembeni, watahamia huko wenyewe. Baada ya miezi mitatu minne chimba chini ya lile rundo, ule udongo mweusi utakaoukuta utie kwenye mashimo ya maboga.