Mwalimu wa lugha huku Kusini unajiendelezaje? Maswali yenu na majibu yangu

Haya walimu wangu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjasalimia. Tangu niseme napokea maswali ya kujiendeleza kwa walimu wa lugha simu haipoi, meseji zimetoka Liwale mpaka Mahuta, nyingine zimetumwa saa nane usiku, nadhani ndo muda bando linakuwa rahisi. Nimechagua chache. Majina nimeyaweka kando mana wengine humo mmewasema wakubwa zenu vibaya sana. Mi mwenyewe ni ticha wa sekondari hapa Mtwara, Kiingereza na Kiswahili, miaka kumi na kitu sasa, kwahiyo nikiteleza mahali mnisahihishe.

Swali: Hii MEWAKA shuleni kwetu ni kukaa kwenye duara, kupigwa picha, kusaini mahudhurio halafu picha inatumwa kwenye grupu la kata. Hivi kuna kujifunza hapo au tunazugana tu? (Mwl. wa Kiswahili msingi, Tandahimba)

Nimecheka mana hiyo picha naijua, na mi nimo kwenye mbili tatu.

Ila wazo lenyewe si baya. MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na neno la kushika hapo ni "kazini". Zamani mafunzo yalikuwa unaitwa mjini mara moja kwa miaka mingapi sijui, unakaa ukumbini, unakula wali kuku, unarudi na posho na begi la kitambaa. Sasa wanasema walimu mkutane hapohapo shuleni kwenye jumuiya za ujifunzaji, shule jirani mkutane kwenye kituo cha walimu, na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka moduli kwenye mfumo wake wa kujifunzia unazisoma bure. Shida ni kwamba sisi tumezoea posho, tuseme ukweli. Huku kwetu miradi imepita, Mtwara tulikuwa na Tusome Pamoja kuanzia 2016 mpaka 2021, wenzetu Lindi walikuwa na EQUIP-Tanzania kuanzia 2014, watu walijifunza mengi tu pale, halafu miradi ikaisha kama miradi inavyoisha na tukabaki tunasubiri mwingine uje.

Asa we fanya hivi. Kikao kijacho usiende na moduli, nenda na madaftari. Chukua ya watoto ishirini wa darasa la tatu, hapo Tandahimba najua utakuta mtoto kaandika "chitabu" na "chiti". Mtoto huyo sio mzito wa kichwa, Kimakonde ki- yetu ni chi-, na Kimwera na Kiyao vilevile, kwahiyo anachukua sheria ya nyumbani anaileta darasani na sheria yenyewe anaijua vizuri tu. Hesabuni hayo makosa mangapi, halafu mkubaliane kitu kimoja cha kujaribu wiki mbili, mfano kuwaandikia ubaoni maneno ya nyumbani upande huu na ya Kiswahili upande huu wayalinganishe wenyewe bila kuwachapa wala kuwacheka, wiki mbili zikiisha mnachukua tena madaftari yaleyale mnahesabu. Dakika arobaini zinatosha. Hiyo ndo jumuiya ya ujifunzaji, na mkimaliza pigeni picha tumeni, mana wakubwa wanaitaka.

Ila msiweke kikao Oktoba Novemba mchana wa siku ya mnada wa korosho. Mtakaa wawili.

Swali: Nipo Mangaka huku ndani ndani, nafundisha English form one na two, darasa lina watoto themanini na ushee. Kishikwambi ninacho kile cha sensa ila bando ndo mtihani. Kozi gani za bure zina maana? (Madam, Nanyumbu)

Madam, we na vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022! Wengine walishawaachia watoto wachezee gemu, hongera kwa kukitunza.

Pa kuanzia ni TeachingEnglish ya British Council, ina kozi za kujisomea mwenyewe kwa muda wako, bure, na ukimaliza unapata cheti. Pia wana vitabu vya PDF vya kupakua, na mtu wa bando la kuungaunga PDF ndo rafiki yako, video ni adui. Unashuka centa siku moja penye mtandao, unapakua vitano, unarudi navyo unasoma mwezi mzima bila hata chaji ya mtandao. Na usisahau maktaba mtandao ya TET, vitabu vya kiada na vya mwalimu vimo mle, kuna shule mpaka leo zinapiga kelele hazina kitabu cha mtaala mpya ulioanza Januari 2024 na kitabu kipo mle ndani.

Kuna kimoja nakisukuma kwa kila mtu, mwongozo wa utafiti wa darasani wa Richard Smith na Paula Rebolledo, British Council waliutoa 2018, bure. Umetokana na kazi waliyofanya na walimu wa shule za serikali Chile, walimu wa kawaida kama sisi, wana madarasa yenye kelele na watoto wasiotaka kuongea Kiingereza. Nilichokipenda haukukimbizi kwenye suluhisho. Unakwambia kwanza kaa na tatizo lako, waulize watoto wenyewe kwanini hawaongei, ndo ubadilishe kitu. Mi niliwauliza wangu kwa vikaratasi bila majina, nilidhani watasema msamiati hawana, wengi wakaandika wanaogopa kuchekwa na wenzao. Nilikuwa nimepoteza mwaka mzima nawapa orodha za maneno!

Sasa ushauri wa mtu aliyeungua. Mei 2024 nilikuwa kwenye kozi ya onlaini ya wiki kadhaa, yenye dedlaini kila Jumapili. Kimbunga Hidaya kikaja tarehe 4, mnakumbuka, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Kilwa, umeme ukawa wa kubahatisha, nikasema si mbaya ntafidia wiki inayofuata, wiki inayofuata tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu intaneti ikayumba nchi nzima. Kazi mbili zikanipita na cheti sikupata. Tangu hapo kazi ya Jumapili naituma Jumatano, na wakifungua moduli nazipakua zote siku ya kwanza. Huku tuliko usiishi na dedlaini kama mtu wa Masaki kule Dar.

Na kingine, chukua kozi moja kwa muhula, moja tu. Kuna ticha namjua ana vyeti vya onlaini vinajaza faili zima ila darasani bado anafundisha "read after me" mpaka kengele. We chagua ya kuongea na kusikiliza, au ya madarasa makubwa, kwasababu wanao wamesoma miaka saba kila kitu kwa Kiswahili, wakifika form one baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, wewe ndo umebeba shule nzima mgongoni hata kama kwenye ratiba umeandikiwa vipindi vya English tu.

Swali: Kaka, nina miaka 32, nina digrii ya ualimu wa Kiswahili. Nasikia Marekani wanachukua walimu wa Kiswahili, naanzia wapi? (Lindi Manispaa)

Ntakwambia kavu ndugu yangu, bora uumie leo kuliko baada ya kuandika insha zote zile. Unayoisikia wewe ni Fulbright FLTA, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka walimu wa lugha kwenye vyuo vyao, na umri wao ni 21 mpaka 29. Umepita.

Kwa wadogo zake mnaosoma hapa: maombi yanapitia ubalozi wa Marekani Dar, ukipata unakaa kama miezi tisa chuoni kule, unasaidia kufundisha Kiswahili na wewe mwenyewe unachukua masomo kidogo, hupati digrii, na ukimaliza unarudi nyumbani. Ni ya walimu wachanga kazini. Kwahiyo ukimaliza chuo usisubiri mpaka uzoee kazi, miaka inakimbia.

Sasa wewe wa 32. Nenda BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Wana kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, jisajili, na huwa wanatoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, hayo yatafute. Usidharau ukasema Kiswahili nimezaliwa nacho. Kumfundisha Mmakonde wa Newala na kumfundisha Mjerumani ni kazi mbili tofauti kabisa. Siku moja mgeni mmoja aliniuliza, mwalimu kwanini "rafiki yangu" lakini "daktari wangu", wote si watu? Nikakaa kimya. Kama dakika nzima! Miaka yote nafundisha ngeli na sijawahi kujiuliza. Baadaye ndo nikaenda kusoma nikaelewa, majina ya watu na wanyama vitenzi vyake vinafuata A-WA hata kama umbo ni la I-ZI, rafiki amefika, daktari amefika, ila majina ya uhusiano kama rafiki, baba, dada, kwenye umiliki yanabaki na I-ZI, ndo mana unasema rafiki zangu na dada zangu, halafu daktari na ng'ombe wanaenda na wangu. Mwanafunzi wa form two hakuulizi hilo kwasababu haimsumbui. Mgeni analipia saa yake, atakuuliza.

Soko lipo na linakua, SADC walikipokea Kiswahili kama lugha rasmi 2019, Umoja wa Afrika 2022 wakakifanya lugha ya kazi, UNESCO wametupa Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mazuri yote hayo. Lakini tamko la mkutano halijawahi kumlipa mtu mshahara, kwahiyo usiache kazi. Anza na mwanafunzi mmoja wa onlaini jioni, uone kama unaiweza.

Swali: Niliomba ruhusa nikasome masters ya isimu, nimejibiwa simo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Vipi nikienda kimyakimya nikarudi na cheti changu? (Kilwa)

Usithubutu!! Siku tano tu za kutokuwepo kazini bila ruhusa zinatosha kukufungulia mashtaka ya utoro na kazi ikaenda. Utarudi na masters huna pa kuifundishia.

Kukataliwa kwako mara nyingi ni ishu ya kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, bajeti zinapikwa miezi mingi kabla, wewe barua umeipeleka lini? Andika mapema, ipitie kwa mkuu wa shule, afisa elimu, mpaka kwa mkurugenzi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ukikosa mwaka huu unaandika tena mwaka ujao ukiambatisha ile ya kwanza. Wanaochoka baada ya barua moja ndo wengi.

Au usiondoke kabisa, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na kina vituo Lindi na Mtwara, unasoma ukiwa kazini. Hata hivyo mwajiri mjulishe kwa maandishi.

Swali: Nimepigiwa simu kwamba nimechaguliwa kuhudhuria kongamano la walimu wa lugha nje ya nchi, gharama zote juu yao, ila nitume laki na nusu ya usajili leo leo. (Mikindani)

Uliomba? Hukuomba. Basi umechaguliwa na nani?

Tapeli huyo. Usitume hata mia.

Swali: Sisi wa shule binafsi hatupelekwi kokote, bosi anasema akikusomesha utahama. (Masasi)

Bosi wako kaumwa huko nyuma, mvumilie. Nyingi nilizotaja hapo juu hazihitaji barua ya bosi, British Council hawaulizi shule yako ya nani, BAKITA nao vilevile. Vyama vya kitaaluma navyo havibagui, kwa Kiingereza kuna TELTA, chama cha walimu wa Kiingereza hapa nchini, na IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza kilichopo Uingereza, kila mwaka inatoa ufadhili kwa walimu kwenda kwenye kongamano lake, ushindani mkali lakini kujaza fomu ni kwa mtu yeyote. Kwa Kiswahili angalia CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani. Halafu ongea na mwalimu mkuu wa shule ya serikali ya jirani, muombe ukae kwenye jumuiya yao ya ujifunzaji, mi sijaona mtu akifukuzwa kwenye kikao kisicho na posho.

Swali: Mdogo wangu, mimi nimebakiza miaka mitatu kustaafu, mnaniita kwenye mafunzo ya nini tena? (Newala)

Shikamoo mwalimu.

Naomba nikugeuzie, wewe ndo uitishe. Hapo shuleni kwako najua kuna kijana wa ajira mpya anafundisha kuandika insha na hajui aanzie wapi, anaogopa kukuuliza kwasababu we ni mkubwa kwa baba yake. Mwambie aje akae nyuma darasani kwako vipindi vitatu, halafu wewe ukakae kwake kimoja, usiseme kitu mpaka kengele ilie. Na kama una zile kadi za picha mlizokuwa mnachora wenyewe kwa mkono enzi zenu, usizitupe, napigia mstari hapo, usizitupe, mi nazitaka. Ukishuka Mtwara kufuatilia mafao nitafute tupitie pamoja, pweza juu yangu.