Upepo unaogeuka kwenye yadi 1,000: nisahihishe lini?

SWALI: Mwalimu, natumia bunduki ya .308 na risasi yenye uzito wa greini 155 (gramu 10 hivi). Yadi 300 sina shida. Yadi 1,000, upepo ukiwa mkali na wa kubadilika, napiga kulia, nasahihisha, inayofuata inaenda kushoto. Matundu yamejipanga mshazari, kuanzia juu kushoto hadi chini kulia. Mtutu umechoka?

JIBU: Mtutu usiusingizie, ndugu yangu. Uliochoka hutawanya risasi ovyo. Zako zimefuata mstari, na mstari huo umechorwa na upepo. Mifereji ya mtutu ikizungusha risasi kwa kulia, kama ilivyo kwa bunduki nyingi, upepo wa kushoto huisukuma kulia na kuishusha kidogo. Wa kulia huipeleka kushoto na kuinyanyua.

Kosa ni kwamba unasahihisha upepo uliokwisha kupita. Tundu linakueleza hali ilivyokuwa ulipofyatua. Hadi shabaha ishushwe, itiwe alama na kupandishwa tena, bendera za upepo uwanjani zimeshabadilika.

Tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa risasi yako, upepo wa maili 10 kwa saa unaopiga ubavuni huihamisha zaidi ya mita 2 kwenye yadi 1,000. Kwa hiyo ukikosea maili 1 tu, umepotea sentimita 20 na ushei, na duara la pointi 10 la F-Class (mashindano ya shabaha za mbali kwa bunduki iliyoegemezwa) kwa masafa hayo lina upana wa sentimita 25 hivi. Kukosea maili 1 ni jambo la kawaida hata kwa wazoefu.

Kabla ya risasi ya kwanza, kaa utazame bendera. Tafuta hali inayorudi mara kwa mara na kukaa kidogo, weka saiti kwa hali hiyo, kisha fyatua inaporudi. Ikivunjika, ngoja, mradi muda unaruhusu. Risasi ikitoka kulia, jiulize kwanza: bendera ilikuwa ileile? Kama iliinuka wakati unabana kifyatulio, saiti usiiguse. Kama haikubadilika, hapo ndipo unasahihisha.

Upepo wa kuogopa zaidi ni ule unaotoka karibu nyuma yako au usoni. Wa maili 15 ukiwa ubavuni, ukigeuka nyuzi 10 huku na huku, risasi haihisi kitu. Upepo uleule ukitoka nyuma na kuyumba nyuzi 10 kila upande, unakuhamisha zaidi ya mita 1, na bendera zinaonekana kama zimecheza kidogo tu. Hapo mimi huwaambia wanafunzi wasifyatue kabisa hadi upepo uelemee upande mmoja.

Mazigazi kwenye darubini yanafaa upepo ukiwa mwepesi. Ukishakuwa mkali yanalala na kutiririka vilevile tu, hayakuambii kama umeongezeka. Rudi kwenye bendera, na usikodolee ile ya kwenye shabaha peke yake: upepo wa karibu nawe huipinda risasi mapema, nayo huendelea kupotea njia yote iliyobaki. Za katikati nazo zina neno, maana pale risasi iko juu zaidi ya ardhi, kwenye upepo wenye nguvu.

Andika bendera ilivyokuwa kabla hujaona tundu. Ukiandika baadaye utajidanganya. Na kama mnapokezana na mwenzako, zamu yake itumie kutazama bendera, si kupanga maganda.