Maswali ya Kazini: Shoti, Sanduku la Maoni na Msimamizi Anayefoka

Mei Mosi inakaribia. Tushone fulana za rangi gani ziamshe ari ya wafanyakazi? (Afisa utumishi, Dodoma)

Rangi yoyote. Ila lipeni kwanza ovataimu ya Machi, mara moja na nusu ya mshahara wa saa kama sheria inavyotaka. Anayewadai hafurahishwi na fulana.

Nina kituo cha mafuta Morogoro. Wahudumu wa pampu hawakai, miezi mitatu wameondoka. Nikikata shoti, yaani fedha zinazopungua kwenye hesabu ya zamu, wananuna, nisipokata nafilisika. Nifanyeje wawe na moyo? (Mwenye kituo)

Anza na shoti yenyewe, moyo utafuata. Shoti nyingi vituoni si wizi, ni hesabu mbovu, na mhudumu anajua hivyo hata kama hawezi kukuthibitishia.

Mpe kila mhudumu pampu yake kwa zamu nzima. Wawili wakishika pampu moja, hakuna wa kumuuliza. Anayetoka na anayeingia wasome mita pamoja, waandike namba na wote wawili wasaini. Kisha zidisha lita kwa bei, toa malipo ya simu, toa hati za mafuta ya mkopo, na toa thamani ya lita za majaribio; kinachobaki ndiyo taslimu anayopaswa kukabidhi. Lita hizi za majaribio husahaulika sana: ukijaza chombo cha kupimia cha lita 20 na kuyarudisha mafuta tangini, mita imeshahesabu lita 20 ambazo hakuna aliyezilipia. Malipo ya simu nayo yakiingia kwenye namba yako wewe, mhudumu apate taarifa yake kabla hajafunga zamu.

Kubwa kuliko yote ni usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei mpya za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinapoanza. Mita isiposomwa saa 6 usiku, zamu yote huhesabiwa kwa bei mpya. Bei ikipanda shilingi 60 na lita 700 zilishauzwa kabla ya saa hiyo, umemzushia kijana shoti ya 42,000. Atalipa, atanyamaza, na mwezi ujao hutamwona.

Ikibaki shoti ya kweli, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu ukate tu. Hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini. Umwandikie chanzo, kiasi na jinsi ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kupinga, naye akubali kwa maandishi. Makato yasizidi robo ya mshahara: anayelipwa 300,000 hakatwi zaidi ya 75,000. Hukuuliza, lakini nakukumbusha: anayekesha anastahili nyongeza ya usiku isiyopungua asilimia 5.

Tumeweka sanduku la maoni tangu Januari, liko tupu. Je, wafanyakazi wameridhika? (Meneja, Arusha)

Hapana. Wanaogopa. Angalia liko wapi: kama limetundikwa mlangoni kwako, chini ya kamera, na ufunguo unao wewe, nani atasogea? Lihamishie wanapobadilishia nguo. Ufunguo akae nao mwakilishi wa wafanyakazi, lifunguliwe siku moja ile ile kila wiki mbele ya watu wawili, na majibu yabandikwe ukutani ndani ya siku saba. Jibu likiwa "haiwezekani", andika sababu. Na usithubutu kulinganisha miandiko. Ukifanya hivyo mara moja, sanduku limekufa.

Mama mmoja kwenye mstari wetu wa kushona ananyonyesha, anatoka mapema. Wenzake wananung'unika. Nimzuie? (Msimamizi, Dar es Salaam)

Usimzuie. Sheria inampa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Wenzake wanalalamikia vipande vyake vinavyowaangukia bila malipo, na hilo ni kosa la ratiba yako. Punguza lengo la mstari kwa saa hizo mbili, au weka mtu wa kuzijaza. Kisha waeleze wote waziwazi kwamba lengo limepungua, ili asibebe lawama peke yake.

Vijana wa siku hizi hawajitumi. Nifanyeje? (Wengi)

Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki halina hata taarifa moja ya kushika. Kabla ya kuliandika tena, leta mambo manne: tarehe halisi mishahara ilipotoka miezi sita iliyopita, saa za ovataimu ambazo hazijalipwa, walioacha kazi mwaka huu walikuwa chini ya msimamizi gani, na kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imepelekwa. Siku hizi mfanyakazi anaangalia michango yake kwa simu. Akikuta amekatwa asilimia 10 na huko hakuna kitu, amejua kwamba unamdanganya, na hakuna semina itakayomrudisha.

Nikituma maagizo kwenye kundi la WhatsApp saa 4 usiku, nakosea?

Ndiyo. Yaandike, uyatume asubuhi.

Msimamizi wetu wa ghala ni mchapakazi kuliko wote, lakini anafoka mbele za watu. Watatu wameshahama. Tukimgusa kazi itasimama. (Mhasibu, Mwanza)

Kazi imeshaanza kusimama. Jumlisha muda wa kutafuta watu watatu, kuwafundisha, na mizigo iliyopakiwa vibaya wakati huo, umpelekee mkurugenzi.

Kwa msimamizi mwenyewe, mwiteni faragha na mumtajie matukio: siku gani, alimwambia nani nini. "Uwe mpole" hakumsaidii mtu. Mpeni kitu cha kufanya: dakika kumi kila asubuhi, wakiwa wamesimama, aulize kila mmoja nini kilikwamisha kazi jana, aandike, na kesho yake aanze kwa kusema kipi kimetatuliwa. Kosa la mtu alizungumze pembeni, baada ya gari kuondoka. Mkae mwezi mmoja, muwaulize walio chini yake mmoja mmoja, asiwepo. Asipobadilika, mpeni kazi ya kusimamia hesabu ya mzigo, na watu wapewe mwingine.