Subutai aliwezaje kuongoza vikosi vilivyotenganishwa na mamia ya kilomita?

SWALI: Nimesoma kwamba Wamongolia walishinda vita vya Legnica, Polandi, tarehe 9 Aprili 1241, na siku 2 baadaye wakalishinda jeshi la Hungaria huko Mohi, kando ya mto Sajó. Kati ya viwanja hivyo pana zaidi ya kilomita 400. Subutai, jemadari wa Wamongolia, aliwasilianaje na kikosi cha Polandi wakati huo?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa siku hizo 2 hakuwasiliana nacho, wala hakuwa na haja ya kufanya hivyo. Katika nchi ya adui, ambako hapakuwa na vituo vya kubadilishia farasi, mjumbe asingeweza kuvuka milima ya Karpati mapema kiasi cha kubadili lolote. Kikosi cha Polandi, kilichoongozwa na Baidar na Orda, kilikuwa kimepewa kazi yake kabla ya kuondoka, nayo ilikuwa kuwazuia watawala wa kaskazini wasifike kumsaidia Mfalme Bela wa Nne wa Hungaria. Mtawala Henryk wa Pili wa Silesia, jimbo la Polandi, alipouawa Legnica, kazi hiyo ilikuwa imetimia, na hata kama vita hivyo vingepiganwa wiki moja kabla, mpango usingeharibika. Kwa hiyo nakuomba usivutwe mno na ukaribu wa tarehe hizo.

Mpango wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu jeshi lilipangwa kwa makumi, mamia, maelfu na makumi elfu, na mkuu wa kila ngazi alijua la kufanya bila kusubiri amri mpya. Subutai mwenyewe alipanda katika ngazi hizo ingawa hakuwa wa ukoo wa kifalme. Alikuwa mtu wa kabila la Wauriankhai aliyemtumikia Genghis Khan, mwanzilishi wa dola ya Wamongolia, tangu ujanani, na kati ya 1221 na 1223 yeye na jemadari mwenzake Jebe walizunguka Bahari ya Kaspi, mbali kabisa na msaada wowote. Katika safari hiyo walijifanya wanakimbia, wakawavuta wakuu wa Rus, yaani nchi za Waslavi wa mashariki, kwa siku 9 hadi mto Kalka, ndipo wakageuka na kuwaangamiza. Mtu aliyepitia hayo anajua kwamba amri ya mbali haifiki kwa wakati. Mwaka 1241 alikuwa amepita umri wa miaka 60, na ingawa mwanamfalme Batu, mjukuu wa Genghis Khan, ndiye aliyekuwa mkubwa wake kwa cheo, mikakati ilikuwa mikononi mwa mzee huyu.

Mawasiliano yalimshinda mahali ambapo huenda usingetarajia, yaani pale pale Mohi. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Aprili, Batu alikabili daraja lililokuwapo, na Wahungaria, ambao mtoro mmoja alikuwa amewaonya, walilitetea kwa ukali hadi mitambo ya kurusha mawe ilipowaondoa asubuhi. Wakati huo Subutai alikuwa upande wa chini wa mto akijenga daraja jingine ili atokee nyuma ya adui. Kazi ilichelewa, na Batu akapigana peke yake kwa muda, akapoteza watu wengi, akiwamo kamanda wake Bakhatu. Subutai alipofika, Wahungaria walizingirwa katika kambi yao iliyobanwa na mikokoteni. Wamongolia wakaacha upande mmoja wazi, na waliokimbilia huko waliuawa njiani.

Baadaye Batu alimlaumu kwamba kuchelewa kwake ndiko kulikomponza Bakhatu. Jibu la Subutai limehifadhiwa katika kumbukumbu za Kichina, na kwangu lina thamani kuliko sifa zote anazopewa. Alisema kwamba mwanamfalme alivuka mahali ambapo maji yalikuwa machache na daraja lilikuwapo tayari, hakujua kwamba chini ya mto daraja lilikuwa bado halijakamilika; basi anayemshutumu kwa kuchelewa azingatie kwanza sababu yake. Batu aliyakubali maelezo hayo, na baadaye, katika karamu, akakiri kwamba ushindi wa Hungaria ulikuwa wa Subutai.