Ukimtaka mla kaa, jifunze maji kwanza

Tangu niweke picha ya ndege mla kaa akimlisha mtoto wake pale Chwaka, ujumbe hauishi. Kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Shikamoo kaka, na mimi nataka picha kama ile. Ninunue lenzi gani?" Namjibu hapa, kwani najua wengi wenu mnaitafuta picha hiyo hiyo. Lenzi yangu ni ya mtumba, ya milimita 300, na inatosha. Lililonipa picha ni kuyajua maji.

Ndege huyu, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu, yuko peke yake katika ukoo wake duniani. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Kwetu hazai. Huchimba shimo mchangani huko Somalia, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, akataga humo yai moja tu, jeupe. Hakuna kitwitwi, yaani ndege wa ufukweni, mwengine wa kufanya hivyo. Kuanzia Agosti hushuka pwani yetu, na mtoto, hata baada ya safari yote ile, bado humwandama mzazi akililia chakula.

Hilo ndilo nililolitaka kwa miaka. Picha zangu za mwanzo nilizipeleka ofisi moja ya watalii mjini. Mwenyewe akazitupia jicho, akasema haya mayangeyange tu, yamejaa kila shamba. Haukupita muda mrefu, nikaiona mojawapo kwenye bango lao, kubwa, bila ya jina langu. Mpaka leo nikipita njia ile roho huniuma. Basi nikasema nitapiga picha ambayo hakuna atakayeiita yangeyange.

Na nimeipiga, alhamdulillahi.

Sikilizeni. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa Unguja hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa mnamo saa nne. Wengi huenda saa nne, wanawafuata ndege topeni. Ghuba ya Chwaka ni pana, maji yakitoka ndege wako kule mbali kupita kamba za mwani, jua limeshakuwa kali na mvuke unacheza juu ya mchanga. Utarudi na vidoa vyeupe. Mimi hukaa kuanzia saa nane mchana, maji yakiwa yanapanda, chini karibu na mikoko, na sinyanyuki. Maji yenyewe ndiyo yanayowasogeza. Kijiji kiko upande wa magharibi wa ghuba, kwa hivyo jioni jua liko mgongoni kwako na linawapiga wao usoni. Punguza mwanga kwenye kamera, la sivyo manyoya meupe yataungua yote pichani, yabaki weupe mtupu.

Siku ile mzazi alisimama kimya, akakimbia hatua chache, akadunga. Akamtikisa kaa mpaka gando likatoka. Mtoto, mgongo wake bado wa kijivu, akaja mbio amejiinamisha, na kaa akapita mdomo kwa mdomo mbele yangu. Mikono ilinitetemeka, lakini kidole hakikuacha kubonyeza.

Kwa hivyo, ndugu zangu: jueni maji. Kaeni chini. Subirini. Na jueni maji.

Jengine, na hili nalisema kwa uchungu. Nimewaona vijana wanaotembeza wageni wakipiga makofi na kurusha mawe ili ndege waruke, mgeni apate picha ya mabawa. Maji yakijaa, ndege hana pa kukanyaga ila kile kifungu cha mchanga kilichobaki. Hapo anapumzika, anangoja kupwa ale tena, na ana safari ya kurudi kaskazini kabla ya kusi kuingia. Ukimrusha, unamwambia aende wapi? Mgeni akikuomba umrushie ndege, mkatalie, hata kama bahashishi itapotea.